Sifuri za Bi Nilichoona

Katika jengo letu kuna wanaotoa damu, nao hupewa soda na biskuti na kupigiwa makofi. Jengo la pili kuna wanaoitundika damu hiyo juu ya kitanda cha mgonjwa, nao huombewa dua na ndugu wa mgonjwa mpaka wakaona haya. Katikati yao, chumba namba sita, alikaa mwanamke mmoja kwa miaka ishirini na miwili akihesabu kitu ambacho hakikutakiwa kuwemo. Huyo hakuna aliyewahi kumshukuru, isipokuwa katika ile miezi minne ambayo alikuwa haoni.

Mimi ni jirani yake wa ukuta. Chumba namba saba, karani wa lebo. Mfuko wa damu ukishapita kwake, ndipo mimi naubandika karatasi inayosema ni damu ya kundi gani, imetolewa lini, na chini yake kwa maandishi mekundu: IMECHUJWA SELI NYEUPE. Kati yetu kuna kidirisha cha kupitishia makaratasi, na kwa kidirisha hicho nimemjua kuliko wanavyomjua wengi wa ukoo wake. Nitasimulia ninayoyajua, pamoja na yale ambayo ningependa yasimuliwe na mtu mwingine.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Damu ya mtu ikitoka mwilini hutoka na kila kilichomo, zikiwemo seli nyeupe, ambazo kwa mwenyewe ni walinzi. Ukizihamishia kwa mtu mwingine, hasa yule anayeongezwa damu kila baada ya wiki chache, zinaanzisha ugomvi kwenye mishipa ya watu. Mgonjwa anapandwa na homa, anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Kwa hiyo damu hupitishwa kwenye kichujio, seli nyeupe zibaki humo. Hazibaki zote. Chumba namba sita kilikuwepo ili ijulikane zimepita ngapi.

Hakuna anayeweza kuhesabu mfuko mzima. Katika kila fungu la mifuko mia, mwanamke huyo aliteua minne, akachukua tone la kila mmoja, akalichanganya na rangi ya zambarau inayopasua seli nyekundu zote na kuzipaka zile nyeupe. Kisha aliliingiza kwenye kioo chenye vichochoro arobaini, akakifunika ndani ya sahani yenye tishu mbichi ili kisikauke, akasubiri dakika kumi na tano seli zitulie chini. Hapo ndipo aliposogeza kiti kwenye hadubini yake ya jicho moja, akafumba jicho la kushoto, na kupita kichochoro kimoja kimoja huku kidole gumba kikibonyeza kihesabio. Kila seli aliyoiona iliwakilisha nyingine elfu sitini zilizomo mfukoni. Zikiwa kumi na sita, mfuko unapita. Zikiwa kumi na saba, haupiti, na fungu zima linazuiwa.

Jina lake lilitokana na hiyo ya kumi na saba. Bosi wetu alishuka mwenyewe siku moja, akainama mezani kwake kwa sauti ya asali.

"Mama, hii ya kumi na saba si vumbi kweli?"

"Nimeandika nilichoona."

"Ukiangalia vizuri lakini."

"Niliangalia vizuri, Mkurugenzi. Ningeangalia vibaya zingekuwa kumi na sita."

Tangu siku hiyo akawa Bi Nilichoona. Bosi alilitoa jina hilo kwa hasira, yeye akalipokea kama cheo. Na mimi, nisijifanye mwema, nilikuwa upande wa Bosi. Fungu likizuiwa ni mimi ninayebandua lebo, moja moja, kwa kucha, maana gundi yetu ni ya kweli hata kama mambo mengine si ya kweli. Nimekaa mara nyingi mpaka saa moja jioni nikikwangua maneno IMECHUJWA SELI NYEUPE kwa sababu ya seli moja ambayo mtu wa kawaida angeisamehe.

Nyumbani kwake hali haikuwa tofauti. Mumewe ni fundi saa, naye kashinda maisha yake yote na lenzi imebanwa kwenye jicho moja. Bintiye, mwalimu wa shule ya msingi, husema amelelewa na wazazi wawili ambao kwa jumla wana macho mawili. Ukimuuliza Bi Nilichoona kama sukari imekwisha, hakujibu ndiyo wala hapana. Alijibu kwamba ameona vijiko viwili. Siku mchumba wa binti alipokuja kujitambulisha, ukoo ulisubiri mama aseme neno baada ya mgeni kuondoka. Alifikiri kwa muda mrefu kisha akasema, "Nimeona viatu safi. Mengine sijayaona." Kijana wa watu aliishi na hukumu hiyo miaka miwili kabla ya harusi.

Sasa, mwanzoni mwa mwaka ule, Bosi alileta vichujio vipya kutoka kwa muuzaji mpya. Vilikuja kwenye maboksi ya buluu, vimefungwa vizuri kama zawadi ya harusi, na Bosi alivipitisha vyumba vyote tuvishike. Wiki za kwanza hakukuwa na jipya: saba, tisa, kumi na moja. Halafu hesabu zikaanza kushuka. Tano. Mbili. Kufikia mwezi wa pili, kitabu cha matokeo cha chumba namba sita kilikuwa sifuri, moja, sifuri, sifuri, tatu, sifuri.

Bosi alivimba kichwa, na safari hii alikuwa na haki ya kuvimba. Aliandika barua kwa wakubwa, wakubwa wakamjibu kwa barua yenye muhuri, naye akaiwekea fremu na kuitundika kwenye korido. Tukakata keki. Katika hotuba yake alimwita Bi Nilichoona nguzo ya kituo, yule yule ambaye mwaka uliotangulia alimwita, kwa masikio yangu, kikwazo cha maendeleo. Wakaguzi wa ithibati walikuwa waje katikati ya mwaka kutupa cheti, na kila mtu alianza kuongea kana kwamba cheti tayari kimo kabatini.

Na Bi Nilichoona naye alifurahi, lazima niseme. Nilikuwa sijawahi kumwona amefurahi kazini. Alipitisha kitabu kidirishani, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuharibu bahati yake, "Karani, hivi vichujio ni vizuri jamani. Miaka yote hii nilikuwa natafuta uchafu, sasa naukosa." Nikamwambia anastahili kupumzika. Nilimaanisha vidole vyangu.

Katika majuma hayo hayo aliingia chumbani kwangu asubuhi moja, akalisalimia koti langu lililotundikwa nyuma ya mlango. Akaliuliza habari za watoto. Mimi nilikuwa nimeketi mezani, upande wa pili. Nilicheka mpaka machozi, naye akacheka kidogo, akasema usingizi haujamtoka. Hadithi hiyo niliisimulia ghorofa zote tatu, nikiiga sauti na kila kitu. Akaanza kulalamika kwamba balbu za hadubini siku hizi hazina nguvu, akaomba kubwa zaidi, kisha kubwa kuliko hiyo. Chai alimimina kikombe kikajaa na sahani ikajaa. Alinipa kitabu kimefunguliwa ukurasa wa juzi.

Mtu ataniuliza, hukuunganisha mambo? Niliunganisha. Si siku ya koti, lakini ilipofika ya balbu ya tatu nilikuwa nimeshaunganisha, nikajitia hamnazo. Miezi ile sikubandua lebo hata moja. Saa kumi kamili nilikuwa nimeshafunga droo. Nilijiambia kwamba mimi ni karani, na macho ya mtaalamu si kazi ya karani.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo ndilo linaloniuma. Wodi ya watoto walianza kutuletea fomu. Mgonjwa alipata homa na kutetemeka muda mfupi baada ya kuongezwa damu, mfuko namba kadhaa, tafadhali chunguzeni. Majibu ya fomu hizo huandikwa na mimi. Nilifungua kitabu cha chumba namba sita, nikatazama fungu la mfuko huo, nikakuta sifuri, nikaandika: "Fungu hilo lilihesabiwa na seli nyeupe hazikuonekana. Tafadhali tafuteni sababu nyingine." Sentensi hiyo niliipenda. Niliihifadhi kwenye kompyuta ili nisiichape upya. Niliituma mara tano, na mara zote tano ilikuwa kwa mtoto mmoja, msichana wa miaka minane ambaye huongezwa damu kila baada ya wiki tatu. Bi Nilichoona hakuziona fomu hizo. Zilikuja kwangu, zikaondoka kwangu.

Kila baada ya miezi mitatu, maabara kuu hutuletea vichupa vya mtihani. Ndani yake mna damu ambayo wao wenyewe wameshahesabu seli zake, na jibu limo ndani ya bahasha iliyofungwa. Unahesabu, unaandika, ndipo unafungua bahasha. Mwaka ule vichupa vilikwama forodhani kwa sababu ya karatasi moja iliyokosa muhuri, ikapita miezi minne bila yeyote kumjaribu. Viliwasili Jumatatu. Wakaguzi walikuwa waje Alhamisi.

Nilimsikia akichanganya, nikasikia saa yake ya dakika kumi na tano ikilia. Kisha kihesabio kililia mara tatu, kikanyamaza. Nikasikia kalamu. Nikasikia bahasha ikichanwa. Halafu sikusikia kitu kwa muda mrefu, mpaka nikadhani ametoka. Akaanza upya: tone jipya, rangi, kioo, dakika kumi na tano. Safari hii kihesabio kililia mara nne.

"Karani, njoo."

Nilikwenda. Alikuwa amesimama kando ya kiti chake, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Kaa hapa. Fumba jicho moja. Unaona nini?"

"Naona mistari, Mama."

"Kati ya mistari?"

"Vidoa vya zambarau. Vingi."

"Vihesabu. Usiruke kichochoro hata kimoja. Kinachogusa mstari wa kushoto kihesabu, kinachogusa wa kulia kiache."

Nikahesabu. Kufikia kichochoro cha tatu nikaanza kuona utamu wake. Vilikuwa vidoa vidogo vya mviringo, vimetulia, vinasubiri kuhesabiwa. Nilipomaliza kichochoro cha arobaini, kihesabio kilisema hamsini na moja. Akanigeuzia karatasi ya bahasha. Hamsini na mbili.

Nikafurahi, Mungu anisamehe. Karani wa lebo, sijawahi kugusa hadubini, nimekosea moja tu! Nikageuka nikasema, "Kumbe kazi yenyewe rahisi hivi, Mama!"

"Rahisi," alisema. "Ukiwa unaona."

Alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti, na miwani haikuwa na uchafu wowote. Alivuta kitabu, akakisogeza karibu mno na uso, na kwa mwandiko ule ule wa miaka ishirini na miwili akaandika kwenye mstari wa siku hiyo: Nimeona 3, tena 4. Karani ameona 51. Jibu ni 52. Mimi sioni.

"Leta sampuli za leo asubuhi," akasema.

Nikazileta. Alizitayarisha mwenyewe, maana mikono yake haikuhitaji macho, nami nikahesabu. Ya kwanza, ambayo yeye alikuwa ameiandikia sita, mimi niliona mia moja na kumi na nane. Ya pili, ambayo aliiandikia mbili, niliona tisini na nne. Kila nilipotaja idadi aliandika, yake na yangu, bega kwa bega. Nilitamani anitukane. Badala yake aliniuliza kwa upole.

"Ulijua?"

"Mama, nilidhani ni..."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu balbu ya tatu."

Akatikisa kichwa kama mtu anayepokea matokeo. "Balbu ya tatu ni mwezi wa pili," akasema, na hilo nalo akaliandika.

Hapa ndipo iliponibidi niangalie tulipofika. Huyu mama kwa miaka yote alikataa kuandika asichokiona. Bosi alimbembeleza, akamtisha, mimi nikamnunia, hakuteleza hata seli moja. Na kwa msimamo huo huo, bila kupindisha chochote, alituandikia miezi minne ya uongo mtupu. Mwongo angetusaidia zaidi. Mwongo angeandika nane, kumi, saba, kwa mazoea, na walau keki tusingeikata.

Bosi aliitwa, akaja mbio. Alisoma ule mstari mara mbili, akatazama namba za kurasa zilizochapwa juu, ambazo haziruhusu mtu kuchana, akashika tama.

"Mama, jambo hili ni la wiki ijayo," alisema. "Alhamisi wanakuja watu."

"Nimeshaandika."

"Huyu karani hana sifa ya kuhesabu. Hesabu yake haitambuliki. Hesabu yako wewe ndiyo halali."

"Mimi sioni, Mkurugenzi."

"Lakini una cheti."

Nawaapia alisema hivyo, na alisema akiwa na akili timamu. Kwa utaratibu wa kituo chetu, mia moja na kumi na nane za mtu anayeona zilikuwa si kitu, na sita za mtu asiyeona zilikuwa matokeo rasmi. Walibishana mpaka saa kumi. Mwisho Bi Nilichoona alisema kwamba kama hesabu ya karani haifai, basi aitwe fundi wa maabara ya hospitali, ana cheti na ana macho, na mpaka atakapokuja mfuko hautatoka hata mmoja. Akachukua ufunguo wa friji akautia kwenye mfuko wa koti lake. Bosi aliutazama mfuko ule. Ni mtu wa mabavu ya mdomo tu, hakuthubutu.

Jioni fundi saa alikuja kumchukua, kama alivyokuwa akifanya wiki za karibuni, eti kwa kuwa alikuwa akipita njia hiyo. Nilimkuta kwenye benchi la nje, nikamwambia yaliyotokea. Akanijibu bila kuniangalia.

"Ni mtoto wa jicho. Nilimwona kwa lenzi yangu miezi mitatu iliyopita. Yeye akasema akienda kupasuliwa kabla ya ithibati watasema kazi imemshinda. Nikamwacha. Namvusha barabara, namsomea gazeti, nikamwacha."

Basi tulikuwa wawili tulionyamaza, yeye kwa mapenzi na mimi kwa uvivu. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini mkewe alikuwa anashuka ngazi, mkono mmoja ukutani, akihesabu vidato kwa mdomo.

Fundi wa hospitali alikuja Jumanne. Akahesabu mia moja na kumi na mbili, na tisini na saba. Vile vichujio vya maboksi ya buluu vilikuwa vinapitisha seli kana kwamba vimepewa amri. Bosi alivirudisha ghalani, akaagiza vile vya zamani, na ile barua yenye fremu ikatoweka kwenye korido, ukabaki msumari. Wakaguzi, nimalize habari yao, walikuja Alhamisi na wakatunyima cheti. Hawakufika hata kwenye kitabu cha chumba namba sita. Kizima moto cha kwenye ngazi kilikuwa kimepitisha muda wake.

Bi Nilichoona hakuwepo kuwapokea. Jumatano jioni alikuwa ameniomba orodha ya mifuko yote iliyotoka tangu balbu ya tatu na ilikokwenda. Karibu yote ilikwenda kwa watu walioongezwa damu mara moja, wakapona, wakaenda zao. Nilipofika kwa yule mtoto wa wodini nilifungua droo. Ilinibidi nimtolee Bi Nilichoona fomu tano na majibu matano. Alinitaka nimsomee. Nikamsomea ile sentensi yangu niipendayo mara tano, kwa sababu alikataa nisome mara moja na kusema nyingine ni vile vile.

"Kesho tunakwenda," akasema.

"Mama, kesho wakaguzi..."

"Wewe ndiye uliyeandika. Mimi ndiye niliyehesabu. Tunakwenda wote."

Wodi ya watoto iko jengo la pili, ghorofa ya juu. Daktari wa zamu alitusikiliza mlangoni. Alisema hawezi kuapa kwamba homa zile zilitokana na seli zetu, damu yenyewe imeshatumika na haipo ya kupima, lakini kwa mtoto aliyeongezwa damu mara nyingi kiasi kile, huenda ndiyo. Akasema tumwambie mama yake maneno hayo hayo, tusiongeze, tusipunguze.

Mama alikuwa mwanamke wa umri wangu, amekaa kwenye stuli ya plastiki pembeni ya kitanda. Mtoto alikuwa amejiegemeza kwenye mto, mwembamba, anachora mgongoni mwa karatasi ya dawa. Bi Nilichoona alishika ukingo wa kitanda ili ajue kinapoanzia. Hakuzunguka. Alisema yeye ndiye anayehesabu uchafu kwenye damu, kwamba macho yake yalikuwa yameharibika na hakusema, kwamba damu aliyoongezwa mtoto ilikuwa na seli ambazo hazikutakiwa, na kwamba huenda ndizo zilizoleta homa.

Yule mama hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Aliuliza, "Zote tano?"

"Huenda zote tano."

"Lakini waliniambia damu ni safi. Daktari alinionyesha karatasi. Imeandikwa nitafute sababu nyingine."

"Waliokuonyesha hawakujua," alisema Bi Nilichoona.

"Nani aliiandika?"

Hakuna aliyenisukuma. Nilisema, "Mimi, dada."

Akanitazama juu mpaka chini, si kwa chuki. Kisha akavuta begi lililokuwa chini ya kitanda, akatoa daftari la shule lililokunjamana, akalifungua kwenye mapaja yake.

"Basi mimi nilitafuta," akasema. "Si uliniambia nitafute? Homa ya kwanza, alikuwa amekula mayai. Nikaacha kumpa mayai. Ya pili, nikasema ni maziwa. Ya tatu karanga. Ya nne machungwa, maana hayo ndiyo yaliyokuwa yamebaki anayoyapenda." Alikuwa anashusha kidole kwenye mistari, mwandiko wake mzuri, tarehe zimepangwa vizuri kuliko kitabu chochote cha ofisi yetu. "Ya tano sikuwa na cha kuacha. Nikaona kila homa inapokuja, wifi yangu alikuwa amekuja kumwangalia siku hiyo. Nikamwambia asikanyage hapa tena. Nilimwambia mbele ya watu."

Bi Nilichoona, ambaye nilimfahamu miaka yote bila kuona chozi lake, alikuwa analia wazi, machozi yanashuka na hayafuti. Nilitafuta sentensi, na mimi ni mtu wa sentensi, nikakosa hata moja.

"Kwa hiyo mayai anaweza kula?" mama akaniuliza mimi.

Nilimtafuta daktari kwa macho, naye, akiwa pale mlangoni, akatikisa kichwa kukubali. "Anaweza, dada."

"Na maziwa?"

"Na maziwa."

Akachukua kalamu ya mtoto, akaanza kuchora mstari juu ya neno moja, akaenda kwenye linalofuata, polepole, akihakikisha kwangu kila mara. Karanga. Machungwa. Mtoto alikuwa ameacha kuchora. Alijiinua kwenye mto akalitazama daftari, akafuata kalamu mpaka ilipofika mstari wa tano na kusimama.

"Na shangazi?" akauliza.

Mama yake akanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikijibu.